Tulinunua mamba wa umeme: niliyoyaona kwenye biashara ya paki ya watoto hapa Jinja

Nikisikia mtu anataka kufungua sehemu ya michezo ya watoto najua swali litakalofuata, aweke mashine moja kali ambayo hakuna mwingine anayo, au pesa hiyo hiyo aigawe kwenye mashine kadhaa za kawaida. Mimi nimesimamia paki hapa Jinja tangu kiwanja kikiwa shamba la mihogo na nimeziona pande zote mbili. Jibu langu ntalisema mapema ili asiyetaka kusoma yote aende zake: anza na za kawaida, na ile ya kipekee ukiifikia, hakikisha upekee wake haujakaa ndani ya mashine.

Mwenye mali namuita Hajji. Mzee wa watu, pesa yake imetoka kwenye malori ya mahindi na mchele, sasa alipotangaza anawekeza kwenye watoto kucheza, nusu ya mtaa wetu wa Walukuba ilimcheka. Mimi nilikuwa nimefanya kazi kwenye paki moja Kampala, nimekata tiketi, nimeendesha mashine, nimefagia, na ndio maana akaniita. Kikao cha kwanza tulikaa kwake baada ya Isha, yeye, mpwa wake aliyesoma nje, fundi wa umeme na mimi. Mpwa alikuja na kompyuta yake akatuonyesha rola kosta, ile treni ya michezo ya kupanda na kushuka kwa kasi, ya Formula Rossa kule Abu Dhabi, ile ya 2010 inayokimbia kilomita 240 kwa saa, alafu akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake: "Mjomba, hakuna mtu atatoka Mbale kuja Jinja kukaa juu ya farasi wa plastiki."

Akaongeza habari ya Islands of Adventure kule Florida, jinsi paki ilikuwa imelala lala mpaka walipofungua ile sehemu ya Harry Potter mwaka 2010 na watu wakamiminika. Hajji alikuwa anatikisa kichwa tu, ameshanunua moyoni. Mimi nikauliza, inapakia watoto wangapi kwa saa? Fundi naye akauliza inakula umeme kiasi gani. Tulionekana wazee wawili wasiopenda maendeleo, yaani chai ilipokuja sisi ndio tulihudumiwa mwisho.

Uamuzi ukawa hivi. Tutachukua vitu vinne vya kawaida, farasi wa kuzunguka, treni ndogo ya reli, viti vya minyororo na nyumba mbili za hewa za kurukia, hiyo yote pamoja ilikuwa kama milioni 130 za Uganda na baadhi ilikuwa sekondhendi kutoka Nairobi. Alafu pesa kubwa, ambayo mwisho wa yote ilifika kama milioni 380 ukiweka usafiri, ushuru na jengo, itaenda kwenye kitu kimoja: safari ya gizani. Unakaa kwenye kibehewa cha watu wanne, unaingia kwenye jengo jeusi, unapita kama uko kwenye mto Nile usiku, viboko wanatikisa vichwa, ndege wanalia, na kwenye kona ya mwisho mamba anainuka kutoka majini, anafungua mdomo, anakurushia maji.

Tuliagiza Zhongshan, kule Guangdong China, mji ambao viwanda vya mashine za michezo vimejaa. Na hapa ndipo somo la kwanza. Kiwanda kilituuliza, mnataka kutoka kwenye katalogi au mnataka ya kwenu? Ya katalogi ilikuwa na dinosaria. Hajji akasema dinosaria wa nini mimi nina mto Nile hapo nyuma, nitengenezeeni ya kwangu. Jambo zuri kabisa kimawazo, lakini maana yake ni kwamba kila kitu kilichokuja ndani ya yale makontena kilikuwa kimoja duniani. Mota ya kichwa cha kiboko, kadi ya kompyuta, mikono ya mamba, hakuna paki nyingine ambayo unaweza kuwapigia simu ukawauliza nyinyi hii ikileta shida mnafanyaje. Kwa hiyo ukiagiza kitu cha kipekee, kwenye oda hiyo hiyo lipia spea za miaka miwili, na dai mchoro wa nyaya na programu ya kompyuta ikiwa na nywila. Sisi tulipewa makaratasi ya Kichina na kanda ya video. Mambo ya kudai vizuri ni kabla hujamalizia malipo, ukishalipa yote unakuwa mtu wa kubembeleza.

Mzigo ukashuka Mombasa, ukapanda barabara hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na pale ukakaa kwa sababu muuzaji aliandika vitu vyote kwenye mstari mmoja, "vifaa vya burudani", wakati ndani kuna mota, kompresa, fiberglasi, reli, taa. Wakala wetu alihangaika kweli, na kila siku ya kontena kukaa ni pesa. Omba orodha ya kila kitu kimoja kimoja na bei yake kabla meli haijaondoka, usiseme nitamalizana nao mbele.

Haya, tukafungua kwenye Idd. Wallahi ilikuwa nzuri. Nasema hivi kwa sababu naelekea kuilaumu na sitaki mtu afikiri ilikuwa takataka. Nilikuwa nasimama kwenye mlango wa kutokea kuangalia nyuso, unaona baba mtu mzima na kanzu yake imelowa kifuani anacheka mpaka anajishika ukuta, mtoto analia na huku anasema tena, tena. Video zilizunguka TikTok. Walikuja watu kutoka Tororo, Mbale, Kampala, mpwa akaniangalia kwa jicho la "nilisemaje", na alikuwa na haki yake. Farasi wa plastiki hawangeleta gari hata moja kutoka Mbale.

Shida zilianza kidogo kidogo, na ya kwanza ilikuwa muda wa kupakia. Kiwanda kilisema kibehewa kimoja kinaondoka kila dakika, watu wanne, kwa hiyo 240 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya kiwandani ambako wanaopanda ni mafundi. Kwetu anapanda mama amevaa gomesi, ana mtoto mgongoni, mfuko wa matunda mkononi, na binti wa miaka mitano aliyegoma kuingia gizani. Mpaka umemkalisha na kufunga chuma cha mapajani, dakika mbili zimekwisha. Kwa hiyo tulikuwa tunapitisha 120, siku mbaya chini ya hapo. Wakati huo farasi wetu wako 24, wanazunguka dakika tatu, dakika tatu nyingine za kushusha na kupandisha, raundi kumi kwa saa, watoto 240. Mashine ambayo bei yake ilikuwa kama sehemu ya kumi ya ile kubwa inachezesha watoto mara mbili.

Sasa usikimbilie kusema basi farasi wameshinda. Safari ya gizani tulitoza 10,000, farasi 3,000, kwa hiyo kwa saa moja iliyojaa mamba analeta 1,200,000 na farasi 720,000. Kwenye karatasi mamba anashinda. Ila farasi wanaendeshwa na kijana mmoja, mamba alihitaji sita, wa kupakia, wa kushusha, wa kompyuta, wawili wa ndani na wa jenereta. Na farasi, mtoto anapanda mara nne, mzazi hasikii uchungu. Kwa 10,000 familia ya watu watano inapanda mara moja tu, inapiga picha, imemaliza.

Ya pili ilikuwa kusimama. Kwa wasiojua, reli ya mashine kama hizi imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu vibehewa viwili kwenye kipande kimoja ili visigongane. Cha mbele kikikwama vyote vya nyuma vinasimama. Huo ni usalama na usithubutu kuuchezea, nimesikia mafundi wanaoruka sensa, kile kifaa kinachotambua kibehewa kimefika, kwa kipande cha waya, huyo usimpe kazi hata ya kubadilisha taa. Lakini maana yake ni kwamba kandambili ya mtoto ikidondoka mbele ya sensa, mto Nile wote unasimama. Taa zinawaka, maajabu yanaisha, watu wanaona kumbe kiboko ni fiberglasi na bomba, tunaingia na tochi tunawatoa kwa miguu mmoja mmoja, alafu kompyuta inaanza upya kuhesabu vibehewa viko wapi.

Na umeme, ah. Tunakaa karibu na bwawa la Nalubaale, lile walilofungua mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, upepo ukiwa vizuri nadhani naweza kulisikia, na bado umeme unakatika. Farasi ukikatika wanasimama taratibu, unawasha jenereta ndogo, wanaendelea. Safari ya gizani ilitaka thrii fezi, yaani ule umeme mkubwa wa nyaya tatu, na jenereta kubwa inayokunywa dizeli kama ng'ombe, na kila ukikatika ghafla kompyuta ilikuwa inasahau mamba yuko juu au chini.

Mamba mwenyewe nikwambie alivyokufa. Alikuwa anainuliwa na pistoni za hewa, hewa inatoka kwenye kompresa. Kule kiwandani walijaribia ndani ya jengo kavu. Hapa tuko pembeni ya ziwa, hewa ni nzito, na yeye mwenyewe analala kwenye dimbwi la maji. Maji yakaingia kwenye mabomba ya hewa, raba za pistoni zikaanza kuvuja, akawa anainuka nusu, mdomo unafunguka upande mmoja kama mtu amepigwa na kiharusi. Raba zenyewe ni kitu kidogo, unazishika kwenye kiganja, lakini saizi ile haikuwepo Katwe wala Kisenyi kule Kampala kwenye mafundi na spea, haikuwepo Nairobi Industrial Area. Tukaagiza kwa ndege. Usafiri ulizidi bei ya raba mara nyingi, na zilipofika zilikaa miezi michache zikavuja tena. Kompresa yoyote utakayonunua, nunua na mashine yake ya kukausha hewa, usikubali kuambiwa si lazima.

Tarehe 26 Desemba ndio siku ambayo kila mtu kwenye biashara hii anaisubiri, na ndio siku mamba alikataa kabisa. Foleni ilikuwa imefika getini. Tulirudisha pesa, lakini pesa si kitu, mzee mmoja aliniambia kwa upole, na ule upole ndio uliniuma, "Mwanangu, nimekodi teksi kutoka Tororo na wajukuu saba, hiyo ya teksi utanirudishia wewe?" Sikuwa na jibu. Nikawapa wajukuu farasi na treni bure jioni nzima, wakacheza, wakafurahi kweli, lakini yule mzee hakucheka. Viti vya minyororo viliwahi kuharibika wiki nzima na hakuna hata mmoja aliyelalamika, mtoto anaona vimefungwa anakimbilia kwenye kurukia. Kitu ulichokitangaza kwenye bango hakina ruhusa ya kuugua.

Nikaanza kusoma usiku wenzetu wakubwa wanafanyaje, na nilipata faraja ya ajabu kwa sababu kumbe hata wao. Disney walijenga Expedition Everest, ikafunguliwa 2006, inatajwa iligharimu kama dola milioni 100, na ndani kuna zimwi kubwa la theluji linalotakiwa kukurukia. Lilifanya kazi muda mfupi likaacha, wakaweka taa za kumulika mulika lionekane kama linatikisika, na miaka imepita hivyo hivyo. Wale wa Universal, wenye ile sehemu ya Harry Potter, walifungua rola kosta ya pikipiki za Hagrid mwezi wa 6 mwaka 2019, foleni siku ya kwanza ilifika saa kumi za kusubiri, na wiki zilizofuata ilibidi waifungue kwa kuchelewa ili mafundi wapate asubuhi. Paki ya Cedar Point, Ohio, walifungua rola kosta ya Top Thrill 2 mwezi wa 5 mwaka 2024, ikakimbia kama wiki moja na siku kidogo, ikafungwa msimu wote. Na Kingda Ka ya New Jersey, mita 139, iliyokuwa ndefu kuliko rola kosta zote tangu 2005, waliilipua Februari 2025.

Tofauti yao na sisi ni kwamba Cedar Point mashine moja ikizima wana nyingine za kutosha kumshughulisha mtu siku nzima. Wanaweza kubeba aibu. Na angalia upande mwingine, Disney hao hao wenye pesa zote, mwaka 2012 pale kwenye paki yao ya Magic Kingdom waliongeza nini? Dumbo wa pili. Wale tembo wa kuzunguka, kitu ambacho fundi wa Jinja anaweza kukielewa kwa kukitazama, walijenga seti ya pili ili foleni ipungue. Gurudumu kubwa la Vienna linazunguka tangu 1897, liliungua wakati wa vita, likarudishwa na vyumba 15 badala ya 30, na watu bado wanapanga foleni. Hilo Hajji nilimuonyesha picha, akalitazama muda mrefu.

Kilichotufumbua macho zaidi lakini ni mabasi ya shule. Mwanzoni tulifikiri wateja ni familia za wikendi. Kumbe biashara yenye uhakika ni shule kutoka Iganga, Kamuli, Bugiri, zinazoleta watoto kwenye ziara, wanaona chanzo cha Nile, wanaona bwawa, alafu wanataka saa mbili za kucheza kabla ya kurudi. Mwalimu amekusanya pesa kwa wazazi, ana watoto 70 kwenye basi moja, anataka kila mmoja apande kila kitu, la sivyo atasikia maneno. Yakija mabasi matano ni watoto 350, kwa mamba hiyo ni karibu saa tatu bila kusimama. Kwa vile vinne vya kawaida unawazungusha, kundi hapa kundi pale, filimbi ikilia wanabadilishana. Mwalimu haulizi kama mashine yako iko peke yake Afrika Mashariki. Anauliza zote zinafanya kazi leo?

Baada ya ile Desemba tulikaa tena. Mpwa alitaka tuagize mamba mpya wa hidroliki. Hajji akaniuliza mimi ningefanya nini kama ni pesa yangu, nikamwambia ng'oa kila kinachosogea, acha reli, vibehewa, giza na sauti. Alafu tukamchukua mchoraji mmoja wa mabango ya malori, yule anayechora simba nyuma ya Fuso, akachora kuta zote kwa rangi zinazowaka gizani. Na badala ya mamba tukaweka vijana wawili wa kikundi cha maigizo, wanakaa nyuma ya wavu wa chuma mbali na reli, na gizani wanatokea kama wanga, wale Waganda wanaowaita abasezi, wanaocheza usiku makaburini. Kila mtoto wa Busoga na Buganda ameshatishiwa nao na bibi yake. Bwana, makelele yake yalisikika mpaka barabarani. Kijana anaona nani ameingia, akiona ni wadogo anatisha kidogo tu, akiona ni vijana wa chuo anawamaliza. Mamba hakuwa na akili hiyo. Tukashusha bei mpaka 5,000, watu wakaanza kupanda mara mbili mbili.

Ndio nikaelewa nilichosema mwanzo. Hapa kwetu kitu cha kipekee kinachovuta wazungu kutoka Ulaya ni kuruka na kamba juu ya Nile, na ukiangalia mashine pale iko wapi? Mnara, kamba, watu waliofundishwa vizuri sana, na mto. Kazi yote inafanywa na mto. Upekee uko mahali na kwenye hadithi za watu, na hivyo viwili havihitaji raba kutoka China. Unaweza kuwa na mashine ya kawaida kabisa ikawa ya kipekee kwa sababu ya mahali ilipo na unachokiweka juu yake.

Mpwa hajakubali moja kwa moja, na sitaki kumfanya mjinga. Anasema bila kelele za mamba mwaka ule wa kwanza hakuna shule ingetujua, na inawezekana. Mimi namjibu tangazo la milioni 380 ni ghali. Tunabishana hivyo hivyo mpaka Hajji anasema basi.

Kwa anayeanza sasa, haya ya haraka haraka. Usinunue mashine ambayo fundi wako hajawahi kuifungua hata moja ya aina yake, mlipie nauli aende kuiona ikifunguliwa. Weka daftari la ukaguzi wa kila asubuhi na mtu asaini kwa jina, nati, beringi, mikanda, vyuma vya kufungia, hata kama ni farasi. Tenga pesa ya matengenezo kila wiki kabla hujagawa faida. Kata bima ya wageni. Na kwenye bango usiweke picha ya kitu kimoja, weka watoto wanacheka.

Sasa hivi Hajji anataka gurudumu kubwa, ile picha ya Vienna ilimkaa. Sipingi, gurudumu dogo la vyumba 12 ni kitu tunachoweza kukitengeneza wenyewe likiharibika, na juu pale utaona ziwa. Nimemwambia sawa Hajji, ila mabasi matano yakija tuna vyoo vinne, na foleni ndefu kuliko zote kwenye paki yako si ya mashine yoyote. Amesema atafikiria. Fundi wa vyoo anakuja Jumatatu kupima.